Pomboo wa Kizimkazi na Mashine Tuliyoichangia

Tunaishi Champlin, kando ya mto Mississippi. Bahari iko mbali sana na sisi, lakini mwaka huu iliingia mpaka sebuleni kwetu.

Ilikuwa siku ya Idi, jamaa wamejaa nyumbani. Baada ya pilau, mtoto wa kaka yangu aliyeko Kizimkazi, Unguja, alituletea picha kwa simu: wageni wanajitosa majini katikati ya kundi la pomboo, na boti tano zimewazunguka. Tukashangilia, maana mashine ya boti yake ilinunuliwa kwa mchango wetu sisi wa huku Minnesota. Binti yangu mdogo peke yake hakushangilia. Aliuliza, "Mama, mbona wanakimbia?"

Swali lile lilinikosesha usingizi, nikaanza kusoma.

Wazee wa kusini Unguja wanakumbuka kwamba zamani pomboo aliwindwa, nyama yake ikafanywa chambo cha kuvulia papa. Mwaka 1992 watalii walianza kupelekwa kuwatazama, na kabla ya muongo ule kwisha uwindaji ulikuwa umekoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Kwa hiyo tusiwalaumu vijana wa Kizimkazi. Boti hizo ndizo zilizomwokoa pomboo na mkuki.

Lakini je, aliyeokolewa ameachwa astarehe? Wataalamu walilipima jambo hili kwa subira. Kwanza walipiga picha za mapezi ya mgongoni, kwani kila pezi lina mipasuko na makovu yake, kama sura ya mtu. Kati ya mwaka 1999 na 2002 walikadiria kwamba sehemu ile ya kusini ina pomboo wa aina ile wanaofuatwa sana na watalii baina ya 136 na 179. Hao hawafiki hata wageni wa arusi moja ya kwetu!

Kisha waliwatazama wanafanya nini boti za watalii zinapokuwapo na zisipokuwapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 na Fredrik Christiansen, David Lusseau, Eva Stensland na Per Berggren. Muda wa kupumzika ulishuka kutoka asilimia 38 hadi 10. Muda wa kutafuta chakula ulishuka kutoka 19 hadi 10, na wa kuchezacheza pamoja kutoka 10 hadi 4. Muda wa kusafiri ukapanda kutoka 33 hadi 77. Binti yangu aliona sawasawa: wanakimbia.

Madhara ya namna hii hayaonekani kwa siku moja, wala hakuna mzoga unaoelea. Lakini jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja tu, na hunyonyesha kwa muda mrefu. Mama asiyepumzika wala kula vizuri atapata wapi maziwa? Na kundi dogo likikosa watoto wachache tu, pengo haliziki upesi. Tena boti si adui pekee. Omar Amir na wenzake wameonyesha kwamba nyavu za jarife nazo huwanasa na kuwaua. Mnyama anayepungukiwa huku na huku hana akiba.

Nilimpigia simu kijana wetu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, mgeni asipoogelea nao hafurahi, na asipofurahi harudi. Watoto watakula nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Mimi nina mshahara huku. Yeye ana boti ile moja.

Tulizungumza mara tatu. Mwishowe tulipatana hivi: asogee polepole kutoka ubavuni, asiwakate mbele, akikuta boti nyingine zimetangulia angoje zamu, na akiona mama na mtoto, awaache waende zao. Nasi wa huku tukaahidi kumchangia siku atakazopata hasara. Amenipigia mwezi uliopita akasema baadhi ya wageni wamenung'unika, lakini wengine wamemshukuru, maana pomboo wasipofukuzwa hukaa karibu kwa muda mrefu zaidi.

Jamaa wengi kati yetu watakwenda nyumbani likizo ijayo. Nawaomba, mkifika Kizimkazi, mwambieni nahodha mapema kwamba mtamlipa kamili hata msipojitosa majini. Neno hilo likitoka kwa mwenye kulipa lina uzito kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika maji yale, mwenyeji ni pomboo.