Maduka hewa na jumbe za vifurushi: namna ya kujikinga na matapeli wa mtandaoni msimu wa sikukuu

Kuanzia Black Friday mwishoni mwa Novemba hadi Boxing Day tarehe 26 Disemba, Australia huingia katika msimu wake mkubwa wa manunuzi. Zawadi za watoto, nguo za sikukuu na hata mizigo ya kupeleka nyumbani Afrika huagizwa kupitia simu, mara nyingi usiku, baada ya zamu ya kazi, na kwa haraka. Haraka hiyo ndiyo mtaji wa matapeli.

Hasara zilizoripotiwa nchini Australia kutokana na ulaghai wa kila aina zilifikia takriban dola bilioni 2 mwaka 2024. Kiasi hicho ni pungufu ya dola bilioni 2.7 za mwaka uliotangulia, lakini ni cha wale tu waliojitokeza kusema. Wengi huona haya, wakanyamaza.

Mwaka 2025 Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia, ACCC, ilitoa onyo kuhusu kile kinachoweza kuitwa maduka hewa. Tovuti hujipa jina lenye neno Sydney au Melbourne, huweka picha za kupendeza, kisha husimulia kisa cha huzuni: familia inafunga duka lake baada ya miaka mingi na inauza bidhaa zote kwa nusu bei. Duka lenyewe halipo. Mnunuzi hupokea bidhaa hafifu iliyotumwa kutoka ng'ambo, au hapokei kitu kabisa, na akitaka kuirudisha huambiwa agharimie usafiri ambao huenda ukazidi thamani yake. Matangazo ya namna hii huenea katika mitandao ya kijamii, na kutoka huko huingia katika vikundi vya WhatsApp vya jamaa na marafiki. Hapo ndipo tahadhari hulegea, kwa kuwa kiungo kimetumwa na shangazi au na mtu wa kanisani au msikitini. Lakini aliyekituma naye huenda hajanunua chochote. Amependezwa na bei tu.

Biashara halali ya Australia huwa na namba ya usajili, ABN, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo katika tovuti ya serikali ya ABN Lookup. Hata namba hiyo huweza kuibwa, hivyo ni vyema kutazama pia kama duka lina anwani halisi na simu inayopokelewa, na kusoma maoni ya wateja nje ya tovuti yake.

Mtego mwingine ni ujumbe wa kifurushi. Mwezi Disemba karibu kila nyumba inasubiri mzigo, kwa hiyo tapeli hahitaji kubahatisha sana. Ujumbe husema kifurushi kimekwama na kinahitaji dola chache ili kifikishwe. Shabaha yake si dola hizo bali namba za kadi. Jina la mtumaji huweza kughushiwa, hata ujumbe wa uongo ukaonekana chini ya jumbe za kweli za Australia Post. Shirika hilo limesisitiza kwamba haliombi malipo wala taarifa binafsi kwa ujumbe mfupi au barua pepe. Aliye na shaka aache kiungo hicho na afungue programu ya shirika lenyewe.

Namna ya kulipa ndiyo huamua kama fedha zitaweza kurudi. Aliyezoea M-Pesa nchini Kenya au Tanzania amezoea pia kuliona jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo. Kwa miaka mingi benki za Australia hazikufanya hivyo: fedha zilifuata namba ya tawi, BSB, pamoja na namba ya akaunti, na jina lililoandikwa lilikuwa kama pambo. Katikati ya mwaka 2025 benki zilianza kuleta huduma ya kulinganisha jina na akaunti. Onyo la kutolingana likitokea, mlipaji asiendelee. Hata yakilingana, hilo halimthibitishi muuzaji, kwa maana matapeli hutumia akaunti za watu wengine. Malipo ya kadi yana nafuu, kwa kuwa mteja anaweza kuiomba benki iyapinge. Muuzaji anayetaka kadi za zawadi au sarafu za kidijitali ni wa kuachwa papo hapo.

Aliyekwisha kulipa aipigie benki yake mara moja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, na ahifadhi picha za jumbe na risiti. Ikiwa ametoa nakala ya pasipoti au leseni, shirika la IDCARE husaidia bila malipo kwa namba 1800 595 160. Asiyemudu Kiingereza anaweza kupiga 131 450 na kuomba mkalimani wa Kiswahili. Taarifa hupelekwa pia Scamwatch.

Siku chache baadaye huenda simu ikalia. Sauti ya upole itasema inaweza kuzirejesha fedha zilizopotea, kwa ada ndogo inayolipwa kwanza. Mara nyingi huyo ni tapeli yuleyule, au mwenzake aliyeuziwa orodha ya majina.