Mwenye hisa wa Nairobi na riba ya Washington

Agosti 2021 hisa moja ya Safaricom ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 40 katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwisho wa 2023 ilikuwa imeporomoka hadi karibu shilingi 14. Ukimuuliza mwenye hisa wa kawaida sababu, atakutajia Ethiopia, ambako kampuni ilizindua huduma Oktoba 2022 na kutumia fedha nyingi kujenga mtandao. Ni kweli gharama hizo zilimega faida. Lakini M-Pesa haikuacha kuingiza pesa, gawio la shilingi 1.20 kwa hisa lilitolewa kwa mwaka ulioishia Machi 2023, na hisa za KCB na Equity, ambazo hazikuwa na mzigo wa aina hiyo, nazo zilishuka vibaya. Kwa maoni yangu, msukumo mkubwa ulitoka Washington.

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba iliyokuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 riba hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na Oktoba hatifungani ya miaka 10 ya serikali ya Marekani ikagusa asilimia 5. Sasa jiweke mahali pa msimamizi wa mfuko kule London. Alinunua hisa ya Safaricom kwa shilingi 40 wakati dola ni kama shilingi 109, yaani senti 37 za Marekani. Mwisho wa 2023 hisa ni shilingi 14 na dola imefika 157, kwa hiyo mkononi ana senti 9. Mkenya aliyenunua siku ileile amepoteza asilimia 65. Huyu amepoteza zaidi ya robo tatu. Na serikali ya Marekani inamlipa asilimia 5 bila jasho. Aliuza, wenzake wakauza, na kila aliyeuza alitafuta dola ili aondoke, shilingi ikazidi kulegea.

Vita vya Ukraine navyo vilitufikia kwa njia hiyohiyo. Urusi ilipovamia Februari 2022, pipa la mafuta lilipanda na kuvuka dola 120, na waagizaji wakahitaji dola nyingi zaidi kwa mafuta yaleyale. Zikaadimika hadi Kenya ikalazimika, mwaka uliofuata, kupanga na kampuni za Ghuba kuchukua mafuta kwa mkopo wa miezi sita. Ndiyo maana mvutano wowote karibu na mlango wa Hormuz, unakopita takriban moja ya tano ya mafuta ya dunia, unamhusu mwenye hisa za benki ya Nairobi hata kama benki hiyo haijawahi kugusa pipa moja.

Kilichogeuza mambo ni deni. Soko lilikuwa na hofu kwamba Kenya haitaweza kulipa hatifungani ya kimataifa ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni 2024. Februari mwaka huo serikali ikakopa bilioni 1.5 mpya, kwa gharama inayozidi asilimia 10, ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani. Ilikuwa bei chungu, na mlipa kodi ndiye anayeilipa. Hata hivyo hofu ilitoweka, na dola iliyokuwa shilingi 160 Januari ikashuka hadi karibu 130 ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo tarehe za madeni ya dola kuiva zina uzito kwangu kuliko vichwa vya habari. Aprili 2025, Rais Trump alipotangaza ushuru kwa karibu dunia nzima, fahirisi ya S&P 500 ilianguka zaidi ya asilimia 10 kwa siku mbili; tarehe 9 ushuru mwingi uliposimamishwa kwa siku 90, ikapanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Aliyeuza kwa taharuki hakuambulia kitu. Mwekezaji mdogo wa hapa ana nafasi ambayo msimamizi wa London hana: hakuna anayemlazimisha kuuza.

Lakini asikae na hisa kwa mazoea tu. Februari 2024 hiyohiyo serikali ya Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Gawio la shilingi 1.20 kwa hisa ya shilingi 14 ni asilimia 8.6, kabla ya kodi. Aliyebaki na hisa wakati huo alihitaji kuamini kwa dhati kwamba bei itapanda, na imani hiyo ilipaswa kutokana na vitabu vya kampuni.