Kabla ya kununua kisanduku cha sauti, chomoa chaja kwanza

Uko zako hapo Garissa, laptopu mapajani, unanukuu rekodi ya Kisomali. Mzee anasema neno moja fupi. Je, umesikia "hal" au "xal"? La kwanza ni ngamia jike. La pili ni suluhisho. Ukikosea, mteja aliyetaka kujua wazee walipata suluhisho gani ataletewa habari za ngamia, na kazi itarudishwa. Saa zako zimeenda bure, na bando pia.

Kisomali kilipoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka wa 1972, x ilipewa ile h ya kooni kama ya Kiarabu. Tofauti yake na h ya kawaida ni jinsi pumzi inavyobanwa kooni. Maneno ya jirani yanaweza kukuokoa, lakini si kila mara. Mvumo ukifunika hiyo pumzi, unabaki kubahatisha.

Hapo ndipo rafiki hukwambia: "Waryaa, sauti ya hiyo laptopu ni takataka, nunua DAC." Anamaanisha kile kisanduku cha nje kinachochomekwa kwa USB, halafu hedifoni zinachomekwa humo. Usikimbilie kutoa doo.

Kila laptopu, hata ile ya mtumba, tayari ina chipu inayogeuza namba za kompyuta kuwa sauti. Nyingi ni za Realtek. Chipu hizo hutoa sauti hadi Hz 20,000, mwisho wa kile sikio la kijana linaweza kusikia. Kwa mtu anayeongea, hiyo inatosha na kubaki. Shida mara nyingi iko kwingine, na unaweza kuisaka bila kutumia hata shilingi.

Kwanza, chukua hedifoni hizo hizo uzichomeke kwenye simu, kisha kwenye laptopu, ucheze rekodi ile ile. Ikiwa mbaya kote kuwili, laumu hedifoni au rekodi. Kama ni simu ya kawaida iliyorekodiwa, jua kwamba mitambo ya simu ya zamani hubeba Hz 300 hadi 3,400 pekee. Kilichokatwa huko hakirudishwi na kisanduku chochote, hata kiwe cha bei ya ng'ombe.

Pili, ikiwa laptopu ndiyo inavuma, chomoa chaja. Mvumo ukipotea, ujue umeme ndio unaovujia kwenye sauti, mara nyingi kupitia chaja duni. Fanya kazi kwa betri au tafuta chaja bora.

Tatu, zima kila kinachocheza, pandisha sauti, kisha sogeza mausi. Ukisikia mikwaruzo inayofuata mkono wako, basi tundu la laptopu linaokota kelele za vifaa vilivyo ndani. Hapa ndipo kifaa cha nje kina maana, kwa sababu kinatoa kazi ya sauti nje ya hilo boksi lenye feni na nyaya zilizobanana. Hata hivyo, si lazima kiwe kikubwa. Adapta ndogo ya USB-C yenye tundu la hedifoni mara nyingi huwa na chipu yake ndani. Kule Marekani, Apple huuza ya kwake kwa dola 9. Pia inakufaa ikiwa tundu la laptopu limelegea au limekufa.

Kuna sababu nyingine ya kununua kifaa cha nje: nguvu. Angalia ohm kwenye pakiti ya hedifoni. Zile za 16 au 32 husukumwa na laptopu bila shida. Za 250 au 300, kama Sennheiser HD 600 ambazo ni 300, zinaweza kutoa sauti hafifu hata ukipandisha hadi mwisho. Hizo huhitaji amplifaya. Na kama unatumia hedifoni za Bluetooth, sahau kisanduku kabisa, maana chipu na amplifaya yake zimo ndani ya hedifoni zenyewe.

Kwa hivyo pesa ya kwanza iweke masikioni. Hedifoni za kuziba sikio zitapunguza kelele za jenereta na bodaboda nje, lakini kwa joto letu la nyuzi 35 na zaidi, utatoka jasho la masikio. Zivae dukani dakika kumi kabla ya kulipa. Ukizidiwa, chukua ndogo zenye mpira laini wa kuziba tundu la sikio.

Abaayo, na wewe pia kaka, hili si la kazi pekee. Unaposhindana na jenereta kwa kuongeza sauti, unayelipa ni wewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na saa 40 ni wiki nzima ya mnukuzi. Laptopu ikiharibika utapata nyingine ya mtumba. Sikio la mtumba haliuzwi Suuq Mugdi.

Leo jioni, kabla hujamtumia mtu yeyote M-Pesa ya kisanduku, chomoa chaja na usikilize tena lile neno la mzee. Huenda ni suluhisho.