Fahamu: Michael Armitage, mchoraji anayepaka rangi juu ya sanda

Ukisimama mbele ya mchoro wa Michael Armitage, jicho huvutwa kwanza na rangi. Kisha unaona tundu. Halafu mshono, umekatiza mwili wa mtu.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea sanaa London. Badala ya turubai, anapaka rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha Waganda kinachotokana na gome la mti wa mutuba, lililopondwa kwa nyundo mpaka likalainika; tundu na mshono ni vya kitambaa hicho. Tangu zamani Waganda wamekitumia kuwavika sanda wafu wao. Kwa hiyo hata anapochora umati wa kampeni, kama katika michoro iliyotokana na uchaguzi wa Kenya wa 2017, huzuni imekwishatangulia kwenye kitambaa chenyewe. Nyuso anazochora hazikuelekezi ucheke wala ulie. Zinakuacha na wasiwasi usio na jina, na kwangu hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa ya NCAI jijini Nairobi. Alipofanya maonyesho Royal Academy, London, mwaka 2021, aliwapa nafasi pia wakongwe wa Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Sane Wadu.