Nani Alianza Kusema "More Better"?

Mwalimu wa Kiingereza anayesahihisha madaftari ya kidato cha kwanza huko Kitura, au popote kati ya milima ya Umatengo na ufukwe wa Mbamba Bay, hukutana na makosa mawili ya kulinganisha. La kwanza ni "This coffee is good than that one". La pili ni "This coffee is more better". Yote hupigwa mstari mwekundu, na yote hupewa sababu moja: mtoto anafikiri kwa Kiswahili au Kimatengo, kisha anageuza maneno. Sababu hiyo inatosha kwa kosa la kwanza tu. La pili ni mali ya Waingereza wenyewe, tena ya siku nyingi.

Tuanze na lililo letu. Katika Kiswahili kivumishi hakiguswi tunapolinganisha. Kahawa hii ni nzuri. Kahawa hii ni nzuri kuliko ile. "Nzuri" imebaki vilevile, na kazi yote imefanywa na "kuliko". Tukitaka, tunatumia kitenzi: ni mrefu kunizidi, kunishinda, kunipita. Wachewa wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, husema "kuposa", yaani kuzidi, na Waganda wana "okusinga" yao. Mwanaisimu Mholanzi Leon Stassen, aliyetoa kitabu kizima juu ya ulinganishi mwaka 1985, baadaye alipanga lugha 167 za dunia kwa namna zinavyolinganisha. Zinazotumia kitenzi cha kuzidi zilikuwa 33, na Afrika kusini mwa Sahara ni mojawapo ya ngome zao. Zinazotumia kineno cha pekee kama "than" ya Kiingereza zilikuwa 22 tu, nyingi za Ulaya. Kwa hiyo katika jambo hili kioja ni Kiingereza, tena kinadai alama mbili kwa kazi moja: kiambishi "-er" mwishoni mwa kivumishi, na "than" baada yake. Anayeandika "good than" ameiacha ile alama ambayo lugha yake haijawahi kuihitaji, na maana haijapungua hata chembe. Huko Nigeria wamekwenda mbali zaidi. Katika Pijini yao "big pass me" ni "mkubwa kunipita": maneno yote ni ya Kiingereza, mpango wa sentensi ni wa Kiafrika.

"More better" ina ukoo mwingine kabisa. Kiingereza cha kale kililinganisha kwa kiambishi peke yake. Kuanzia karne ya 13 na ya 14 "more" ikaanza kushika nafasi, na kwa muda mrefu watu walitumia vyote viwili pamoja bila kuona haya. Shakespeare alifanya hivyo mara nyingi. Katika Julius Caesar, ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, hotuba maarufu ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari ina kivumishi kilichopewa alama mbili za upeo kwa mpigo. Ben Jonson, mtunzi wa zama zilezile, aliutetea mtindo huo katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1640, akiuona kuwa ni umaridadi wa kuigwa kutoka kwa Wagiriki wa kale. Ilipofika mwaka 1762 kasisi Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa sarufi yake na humo akauhukumu kuwa haufai. Vitabu vilitii, vinywa havikutii. Hadi leo alama hizo mbili husikika katika lahaja za Uingereza na kusini mwa Marekani. Na hata Kiingereza sanifu kina vilivyoponyoka. "Lesser" ni "less", ambayo tayari ni ya kulinganisha, ikaongezwa "-er". "Near" nayo asili yake ilikuwa na maana ya "karibu zaidi", kisha ikasahaulika, ikapewa "nearer". Hayo hayapigwi mstari na mtu.

Msomaji makini atauliza: je, mtoto wa Kitura amewasikia wapi watu wa kusini mwa Marekani? Hii si "bora zaidi kuliko" yetu tu? Hoja ina uzito. "Zaidi" inaegemea "more" kwa urahisi, na anayesema "bora zaidi" naye amekaza neno ambalo lingesimama peke yake. Lakini Kiswahili kingekuwa chanzo pekee, kosa hili lingekoma kwenye mipaka ya Kiswahili. Halikomi. Watoto wa Kiingereza hulisema kabla hawajaingia shule, kwa sababu lugha yao ina njia mbili za kulinganisha na mpaka kati yake hauonekani vizuri. Maneno mafupi huchukua "-er", marefu "more", na ya katikati, ya silabi mbili, hata Waingereza wenyewe huyumba. Mwanaisimu Britta Mondorf ameonyesha katika kitabu cha mwaka 2009 kwamba wazungumzaji hukimbilia "more" pale sentensi inapokuwa nzito. Kiswahili kinamsukuma mtoto tu. Mteremko aliukuta ndani ya Kiingereza chenyewe.

Kuna watakaosema asili ya kosa haimsaidii mtahiniwa, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa hatoi alama kwa historia. Kweli, na makosa yote mawili yaendelee kusahihishwa. Lakini dawa ni mbili. Kwa "good than", mwalimu aandike ubaoni sentensi ileile kwa Kimatengo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mtoto aone kwa macho yake ni neno lipi limebadilika na lipi limetulia. Kwa "more better", ubao wa lugha tatu hauna la kuonyesha. Hapo ni kuhesabu silabi, na kukiri kwamba "better" na "worse" hazifuati hesabu yoyote.