Saa mbili usiku Bungu: Kasi ya intaneti ya dishi huishia wapi?

Jioni ya Bungu huingia mapema. Katika kata hii iliyo juu ya Milima ya Usambara, upande wa Wilaya ya Korogwe, jua likishajificha nyuma ya mlima baridi hushuka, watu hurudi kutoka mashambani na milango hufungwa. Ndipo simu zinaposhikwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anatafuta mitihani iliyopita ya NECTA, mama anataka kumwona kwa video binti yake aliyeko Dar es Salaam, vijana wanafuatilia mpira. Palipo na dishi la intaneti, iwe ni dukani panapouzwa vocha za waifai au nyumbani kwa mwalimu, kiduara nacho huanza kuzunguka kwenye kioo. Ukurasa uliofunguka alfajiri kufumba na kufumbua, sasa unakula dakika nzima.

Wengi hulaumu ukungu. Wengine humwita fundi aje aligeuze dishi, wakamlipa, na kesho yake jioni mambo yakawa yaleyale. Mara nyingi dishi halina kosa lolote, na fundi pia. Tatizo liko kwenye hesabu ya kugawana, na mteja wa kijijini ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajatoa fedha yake.

Mlima ndio ulioleta dishi

Usambara ni migongo na mabonde yaliyosongamana. Mawimbi ya simu hayazunguki mlima kirahisi. Mnara wa kilele kimoja unaweza kukifikia kijiji cha ng'ambo na kukikosa kilicho chini yake kabisa. Serikali imelifanyia kazi suala hili. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hata hivyo kulifikia kila bonde ni kazi ya miaka. Dishi linamaliza kazi hiyo kwa siku moja kwa sababu linatazama juu, likiuruka mgongo wa mlima.

Tanzania nzima iliwahi kuishi hivyo. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea satelaiti, ikiwa ghali na nzito. Mikongo ya baharini na Mkongo wa Taifa vimeyapa nafuu maeneo mengi ya miji. Yeyote anayeikumbuka Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika na mtandao ukadorora nchi nzima, anajua jinsi watu wa mjini walivyohangaika kwa siku chache tu. Huko milimani, hali inayofanana na ile hurudi kila jioni.

Hesabu iliyo angani

Kuna mambo mawili ambayo watumiaji huyachanganya. La kwanza ni ucheleweshaji. Satelaiti za mtindo wa zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda hadi huko, hushuka kwenye kituo cha ardhini, kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 143,000, na hata kwa mwendo wa mwanga huchukua karibu nusu sekunde. Ndiyo maana kwenye simu ya video watu hugongana maneno. Nusu sekunde hiyo ipo mchana na usiku, na hakuna fundi anayeweza kuiondoa.

La pili ni nafasi, na hiyo ndiyo inayobanana jioni. Chukua mfano wa satelaiti ya Eutelsat Konnect, iliyorushwa Januari 2020 kuhudumia hadi nchi 40 za Afrika kusini mwa Sahara. Uwezo wake wote ni gigabiti 75 kwa sekunde, uliogawanywa katika miale 65, kila mmoja ukimulika eneo lake. Ukigawa sawasawa, mwale mmoja unapata takriban megabiti 1,150. Video yenye picha safi huhitaji kama megabiti 3. Kwa hiyo mwale mmoja, unaoweza kufunika eneo kubwa kuliko mkoa, unatosheleza nyumba 380 hivi zinazotazama video kwa wakati mmoja. Zikifika nyumba 1,000, kila moja inabaki na megabiti moja na ushee, na picha huanza kukwama.

Wakulima wa mboga wa Usambara wanalielewa hili kupitia mfereji wa umwagiliaji. Maji ni yaleyale. Wote wakifungulia mashamba yao kwa wakati mmoja, wa mwisho hupata tope.

Kampuni za intaneti huuza zaidi ya uwezo zilionao zikijua kwamba wateja wote hawatumii kwa pamoja. Peke yake hilo si kosa, maana bila hivyo bei ya mwezi isingeshikika. Lakini saa moja hadi saa tano usiku karibu wote hutumia kwa pamoja. Dhuluma huanza pale wateja wanapoongezwa bila uwezo kuongezwa, na wa zamani wasiambiwe kitu.

Funzo kutoka Nairobi

Wapo wanaoamini kwamba satelaiti mpya zitamaliza kero hii. Ni kweli kwamba Starlink, ambayo satelaiti zake huzunguka katika kimo cha kilomita 550 hivi, imeondoa sehemu kubwa ya ule ucheleweshaji. Lakini kugawana kumebaki palepale. Huduma hiyo ilianza Kenya Julai 2023. Kufikia Novemba 2024 kampuni ilikuwa imesitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, ikieleza kwamba uwezo wake katika eneo hilo umejaa. Wakati huo wateja wake Kenya nzima hawakuzidi 20,000. Mlango ulifunguliwa tena katikati ya 2025, baada ya miundombinu kuongezwa.

Jiografia nayo ina sehemu yake. Njia za satelaiti hizo nyingi zimepangwa kwa namna ambayo hubanana zaidi juu ya Ulaya na Amerika Kaskazini na kutawanyika karibu na ikweta. Sisi tuko chini ya anga lenye satelaiti chache zaidi kwa wakati mmoja. Anayeahidi vijiji vyetu kasi ya Ulaya kwa dishi lilelile hajaitazama ramani hiyo.

Jinsi ya kujua mchawi ni nani

Kabla ya kumwita fundi, mwenye dishi anaweza kujipimia mwenyewe. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, fungua tovuti ya kupimia kasi, pima saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, kwa wiki moja. Andika kwenye daftari tarehe, saa, kasi na hali ya hewa.

Kasi ikishuka jioni tu, hata anga likiwa safi, ni msongamano. Ikishuka wakati wa mvua kubwa ya masika au vuli na kurudi mvua ikikatika, ni mvua inayonyonya mawimbi. Ukungu mwepesi hauna nguvu hiyo. Ikishuka ghafla katikati ya mwezi na kubaki chini saa zote, huenda umefika kikomo cha matumizi cha bando lako. Ikiwa waya una kasi nzuri na simu haina, tatizo ni waifai ya humo ndani: ruta imewekwa nyuma ya kabati, au vocha zimeuzwa kwa watu wengi kupita kiasi.

Kwa msongamano, dawa iliyo mikononi mwetu ni zamu. Shule yenye dishi inaweza kupakua usiku wa manane vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kuvihifadhi kwenye kompyuta moja ya ndani, wanafunzi wakavisoma jioni bila kugusa satelaiti. Programu kama Kolibri zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Nyumbani, simu ziwekewe masharti ya kupakua masasisho alfajiri.

Wajibu usio wa mteja

Lakini zamu ya wanakijiji haimwondolei muuzaji wajibu wake. Mteja akishakuwa na daftari lenye vipimo, ana kitu cha kuweka mezani. Utaratibu uko wazi: malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, yasipotatuliwa yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji.

TCRA nayo, ambayo hupima ubora wa huduma za simu, ipime intaneti ya dishi vijijini saa mbili usiku, wakati watu wanapoihitaji, na kutangaza matokeo kwa jina la kampuni. Na kila mkataba utaje kasi ya chini ambayo mteja atahakikishiwa jioni, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa kasi ya juu inayopambwa kwenye matangazo. Familia ya Bungu inayouza mboga ili kulipia mwezi hulipia na jioni zake. Haki yake ni kuambiwa, kabla ya kusaini, jioni hizo zitakuwaje, na kurudishiwa fedha zisipokuwa hivyo.