Tufaa linalowahi sokoni ndilo linalowahi kuharibika

SINGIDA – Mchuuzi wa matunda mjini Singida anapofungua katoni ya matufaa, au maepo kama wateja wengi wanavyoyaita, hutazama wekundu na ukubwa. Lakini mambo mawili yanayoamua faida yake hayaonekani kwa macho: aina ya tufaa na siku lilipochumwa.

Kuna matufaa ya mapema na ya mwisho wa msimu. Lile la mapema hukomaa upesi, wanga wake hugeuka sukari lingali mtini, na hutoa kwa wingi gesi ya ethilini ambayo huzidi kuliivisha. Siku ya kuchumwa huwa na maji mengi na ladha kali. Baada ya siku chache nyama yake huwa ya ungaunga.

Mfano mashuhuri ni Beauty of Bath, aina kongwe ya Uingereza iliyoingia sokoni miaka ya 1860. Huiva mwishoni mwa Julai au mapema Agosti, kabla ya matufaa mengine, na kwa hiyo iliuzwa vizuri. Ubaya wake ni kwamba hudondoka yenyewe kabla ya kuiva sawasawa. Wakulima walitandika majani makavu chini ya miti ili tunda lisichubuke. Baadaye aina ya Discovery, inayohimili zaidi, iliipokonya soko.

Beauty of Bath haifiki Singida, ila kanuni yake inafika. Nchini Afrika Kusini, Gala huwa miongoni mwa aina za kwanza kuchumwa, kuanzia mwishoni mwa Januari. Granny Smith na Pink Lady hufuata na huvumilia ghala la baridi kwa muda mrefu zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700, na juu ya meza ya mchuuzi hakuna jokofu.

Tuseme katoni ina matunda 150 na bei imepangwa ili kupata faida ya asilimia 20. Yakioza 15, faida hushuka hadi asilimia 8. Yakioza 25, mtaji umerudi mtupu. Kwa hiyo katoni ya bei nafuu iliyokaa ghalani muda usiojulikana yaweza kuwa ghali kuliko zote.

Njia yenyewe pia yaweza kufungwa ghafla, kama ilivyotokea Aprili 2025 Tanzania ilipozuia kwa siku chache mazao ya kilimo ya Afrika Kusini. Hapa nchini matufaa hulimwa Lushoto na Njombe.

Je, mwekezaji apande Singida? Usiku wa Juni na Julai mkoani humo ni wa kuvaa sweta, lakini baridi ya chini ya nyuzi 7 ambayo mtufaa huhitaji si ya kawaida. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 800 au zaidi za baridi hiyo. Anna, aina ya mapema iliyozalishwa Israel na kuenea nyanda za juu za Kenya na Uganda, hutaka takriban 200 hadi 300. Hata hiyo huhitaji mti wa aina nyingine jirani, kama Golden Dorsett, ili ichavushwe, hivyo miche ya Anna peke yake haitoshi.